Mwalikaji wa Likoni na Nukta Yangu ya Pembeni

Mwanamke aliyekuwa akitualika harusini, Likoni na nje ya Likoni, kwa zaidi ya miaka ishirini, amefariki dunia. Wanaomjua hawahitaji nimtaje jina, na wasiomjua jina halitawafaa kitu. Nilipata habari Jumanne ya wiki iliyopita, saa mbili na nusu asubuhi, kwa simu ya ofisini katika shule ninayofundisha hapa Changamwe. Aliyepiga ni mpwa wake, na maneno yake yalikuwa machache: ametutoka alfajiri, maziko ni baada ya alasiri. Nililia, wala sioni haya kusema. Lakini safu hii mmeisoma miaka mingi mkiamini kwamba nasema kweli, na kweli ni kwamba kabla machozi hayajakauka nilihisi jambo jingine, jambo linalofanana na fahari. Nimeambiwa mapema. Katika Changamwe yote, ni mimi niliyejua. Kilichotokana na fahari hiyo nitakifikia. Kwanza niseme nilivyomwonea kijicho mwanamke huyu, maana bila hilo hamtanielewa.

Sisi wa Likoni hatualikani harusi kwa kadi. Kadi ipo, nzuri, ina maua na rangi ya dhahabu pembeni, lakini mwanamke wa kwetu akiletewa kadi peke yake huiweka kabatini, na siku ya harusi hukaa kwake akapika. Ukimuuliza atakwambia hakualikwa. Kualikwa ni mtu kuja mlangoni, akapiga hodi, akasema kwa kinywa chake ametumwa na nani, siku gani, baada ya sala gani, na mwenye nyumba akaitikia. Kinywa hicho kwa mtaa wetu kilikuwa chake. Hakuwa na elimu ya kusema. Aliacha shule darasa la nne. Mimi nilikulia nyumba ya tatu kutoka kwao, mdogo wake kwa miaka mitano, na vyeti vyangu vimetundikwa ukutani mpaka leo. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya chini, na hakuna aliyewahi kumwona akimaliza kikombe cha chai, kwa sababu kila mara kulikuwa na mlango mwingine unaomngoja. Sikujua watu walimpendea nini. Mimi nikiingia mahali watu hunyamaza na kunitafutia kiti. Yeye akiingia watu walisogea wakampa nafasi mkekani, na mazungumzo yakaendelea palepale yalipokuwa. Hilo lilinikata maini tangu ujana wangu.

Mwishoni mwa miaka ya themanini mdogo wangu wa mwisho aliolewa, na kazi ya kualika nikaichukua mimi. Nilinunua daftari kubwa, nikalipiga mistari kwa rula, nikagawa mitaa: Likoni, Mtongwe, Kisauni, Mtopanga, Changamwe. Kila mwanamke aliandikwa jina na mahali pa kuweka alama akishapata kadi yake. Yalifika majina mia tatu na kitu. Kadi nilizipeleka mwenyewe, na nisipomkuta mtu niliipenyeza chini ya mlango nikaweka alama yangu nikaenda zangu. Yule mwalikaji sikumwambia neno. Mama aliponiuliza, nilimjibu kwamba mambo yamebadilika, watu sasa wanasoma. Siku ya harusi ikafika. Adhuhuri ikapita, pilau imefunikwa, mikeka imetandikwa uani, na wageni ni wa kuhesabu kwa vidole. Mdogo wangu alikuwa chumbani na hina yake miguuni, na kila baada ya muda aliuliza mbona kimya. Mama hakunigombeza. Alijitanda leso akatoka, akarudi na mwalikaji.

Nilitarajia anisute mbele ya watu. Hakunisuta. Aliomba maji, akanywa, kisha akaniomba daftari. Alilifungua ukurasa baada ya ukurasa, kwa adabu, akalifunga.

“Kazi nzuri, mwalimu,” alisema. “Nipe mpaka alasiri.”

“Mpaka alasiri utafika wapi, dada? Hawa ni watu mia tatu.”

“Mia tatu siwawezi kwa miguu hii. N'taenda nyumba saba, na Kisauni n'tapiga simu moja dukani. Walobaki wataambiana wenyewe, inshallah.”

Alasiri haijaadhiniwa ua ukajaa. Mikeka haikutosha, ikabidi tuazime kwa majirani. Vigelegele vilisikika mpaka barabarani, na mdogo wangu alipotolewa kupambwa, mkono wa kwanza alioubusu baada ya wa mama ulikuwa wa mwalikaji. Mimi nilisimama na daftari langu. Nilimchukia siku ile, nasema kama ilivyokuwa. Laiti angeninanga ningepata la kumjibu, lakini alinikuta nikiosha sahani jioni akashika kitambaa akaanza kuzifuta. Ikabidi nimuulize, maana roho ilikuwa inaniuma: hizo nyumba saba alizichaguaje?

“Kwanza, si za wenye vyeo,” aliniambia. “Mwenye cheo ukimpa neno hulikalia. Mimi huenda kwa mtu ambaye wenziwe wapita kwake kwa haja zao: asukaye nywele, akandaye wazazi walojifungua, akaangaye samaki. Kisha nawatafuta wenye milango miwili.”

“Milango miwili?”

“Mtu ana watu wake huku na watu wake kule, na wa huku hawawajui wa kule. Hawa si wengi, mwalimu. Huyo ukimsahau, kule kote kumekatika, na hutajua kwamba kumekatika. Utasema tu watu wa kule wana kiburi, hawaji.”

Nilijitia kana kwamba sahani zina mafuta sana, nikazidi kusugua.

Miaka michache baadaye, tulipoingia miaka ya tisini, alikuja mtafiti kutoka chuo kikuu, bwana mmoja mpole wa bara. Alikuja kwangu kwanza, na barua yenye mhuri, kwa kuwa alisoma safu hii. Mnaweza kufikiria nilivyovimba kichwa. Alitaka kujua habari zinavyosafiri pande za Mombasa zilizo nje ya kisiwa, kutoka Likoni mpaka Changamwe mpaka Kisauni, katika nyumba ambazo nyingi hazina simu. Alinieleza kwamba kuna elimu inayokua huko vyuoni ya kutazama mambo kwa njia nyingine. Badala ya kumtazama mtu mmoja mmoja, sifa zake na cheo chake, unamfanya kila mtu nukta, na kila mazungumzo mstari, halafu unatazama umbo linalojitokeza. Nyaya za umeme zina umbo lake, barabara zina lake, maradhi ya kuambukiza yana lake, na walio ndani ya umbo hilo hawalioni kwa sababu kila mmoja huona mistari yake tu. Nilimsikiliza kwa raha kubwa, nikamwandikia orodha ya watu wa kuonana nao: maimamu, wachungaji, walimu wakuu, wenyeviti wa vikundi. Aliipokea kwa shukrani, akaikunja. Kisha akaenda nyumba kwa nyumba zaidi ya mwezi mzima, akiwauliza wanawake swali moja: harusi au msiba wa mwisho uliohudhuria, nani alikwambia?

Majibu aliyachora kwenye karatasi pana, juu ya meza yangu ya kulia chakula, chai yangu ikipoa pembeni. Wale wakubwa wa orodha yangu walionekana wamekaa peke yao, huyu na mstari mmoja, yule na miwili, wengine hawana hata mmoja. Katikati ya fungu la Likoni palikuwa na nukta iliyozongwa na mistari hata pale karatasi ilipokuwa nyeupe pakawa peusi. Akaniuliza kama namjua.

“Ni mama mmoja tu,” nilisema. “Mwalikaji wa harusi.”

“Tu?” akacheka, si kwa ubaya. “Mwalimu, huyu nikimfuta hapa nusu ya karatasi yangu inaharibika.”

Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, mimi niko wapi. Alitafuta kwa kidole, akatafuta, akanipata pembeni kabisa kushoto, mahali ambapo mtu anayepangusa meza angefuta bila kujua amefuta nini. Nukta ndogo yenye mistari miwili. Mmoja ulitoka kwa mwalikaji ukaja kwangu. Wa pili ulitoka kwangu ukaenda kwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta.

“Lakini nukta hii yako, mwalimu, ina jambo. Ukitazama upande huu wa pili wa mstari...”

“Kunywa chai, baba,” nilimwambia. “Imepoa.”

Alijaribu tena kabla hajaondoka na nikamuuliza basi lake linaondoka saa ngapi. Aliniachia nakala. Niliikunja mara nne nikaitia kabatini, chini ya vitambaa vya meza, na sikutaka kuiona tena.

Elimu yenyewe, hata hivyo, sikuitupa. Mtakumbuka niliwahi kuandika hapa juu ya malori yetu ya Changamwe: kwamba kumi yakiharibika kwenye maegesho hakuna anayejua, lakini moja likikwama pale njia inapobana, bandari nzima na mji mzima husimama, kwa hiyo tusitazame ukubwa wa lori bali mahali lilipo. Wengi mliniandikia barua za pongezi. Niliandika pia kwamba simu zitakapoenea kila nyumba watu watadhani wameunganishwa wote na wote, ilhali kila mmoja ataendelea kuwapigia walewale watano, na wenye milango miwili watabaki wachache kama zamani. Maneno “milango miwili” niliyaweka bila kusema yalitoka kinywani mwa nani. Wiki ile ile mwalikaji alikuja kwangu na habari ya harusi fulani, akakaa ukingoni mwa kiti kama kawaida yake, akanitazama huku akitabasamu.

“Mwalimu, umeyaoza maneno yangu gazetini,” alisema, “na wala hukunialika.”

Nilicheka, akacheka. Sikumwomba radhi. Moyoni nilisema, hata hili nalo amenishinda.

Na hapa niwaeleze kuhusu hizo safari zake za kuja kwangu, maana hapo ndipo kijicho changu kilipokaa miaka yote hiyo. Kila harusi, kila msiba, kila hitima, alifunga safari yeye mwenyewe mpaka Changamwe. Watu wengine aliwatumia salamu. Mimi alinijia kwa miguu yake iliyovimba, avuke feri, abadilishe gari mara mbili, apande kile kilima chetu cha vumbi na moshi wa malori, kuja kuniambia maneno manne asimalize chai. Nilijua kwa nini anafanya hivyo. Anakuja kunionyesha. Anakuja kunikumbusha kwamba na vyeti vyangu vyote, habari bado ni zake na mimi ni wa kuletewa. Akishaondoka nilitoka uani nikiwa nimejaa, na kwa kuwa mume wangu alikuwa kazini kwenye matangi ya mafuta na sina mwingine wa kumlalamikia, nilimlalamikia jirani juu ya ukuta: “Yule mama wa Likoni amekuja tena. Eti kuna harusi Ijumaa.” Jirani ni mama wa Kikristo aliyekuja pwani na mumewe kutafuta kazi ya kiwanda. Alikuwa akinisikiliza, akitikisa kichwa, akiendelea kuanika nguo.

Mumewe aliwahi kuumia kiwandani akalazwa wiki nyingi. Nililisema hilo kwa mwalikaji siku moja, la kujaza mazungumzo tu, na kesho yake wanawake wanne wa Likoni walikuwa wodini na chakula, na keshokutwa wengine, wakapokezana mpaka yule bwana alipotoka. Jirani hakuwa na ndugu hata mmoja mji huu. Tangu hapo alikuwa akihudhuria harusi za Likoni na kundi zima la wanawake wa mtaa wetu wa Changamwe, wa bara na wa pwani, na mimi nilipowaona wameketi mkekani nilijiuliza tu wamejuaje, kisha nikasahau.

Basi Jumanne. Baada ya simu niliomba ruhusa, nikarudi nyumbani kuvaa buibui. Nilipotoka, jirani alikuwa mlangoni akipepeta mchele.

“Mwalimu, mbona mapema leo? Kwema?”

“Kwema,” nilimjibu. “Nina shughuli Likoni.”

Nilipita. Nimejiuliza wiki nzima kwa nini, na nimechoka kujidanganya kwamba ni haraka. Maisha yake yote mwanamke yule alikuwa wa kila mtu, na mimi nilikuwa mmoja wa mia tatu. Nilitaka kwa mara moja nifike kwake kabla ya wengine, nikae karibu na jeneza, niulizwe mimi alikuwaje, nilie kilio ambacho hakuna wa kukilia pamoja nami. Nilikuwa na wivu hata juu ya msiba wake.

Na nilikipata nilichokitaka. Nilikaa karibu na binti yake, nikamshika mkono. Kabla ya adhuhuri nilimsikia binti akimuuliza shangazi yake kwa sauti iliyokauka: “Na wale wa Changamwe wameambiwa? Mama alikuwa akiwataka sana wale.” Shangazi akanitazama, akamwambia, “Si mwalimu huyu hapa amekuja? Basi wameambiwa.” Duka lenye simu lilikuwa nyumba ya pili, na shuleni kwangu wangempelekea jirani neno. Muda ulikuwepo wa kutosha kwa mtu kufika kutoka Changamwe akamwona uso. Wote wawili walikuwa wakinitazama, na mimi nikainamisha kichwa, wakadhani ninalia. Alasiri wanaume wakamchukua.

Jirani alijua Alhamisi, kwa mwanamke aliyekutana naye sokoni. Hakupiga kelele. Alikuja mlangoni kwangu, hakuingia nilipomkaribisha, na nyuma yake, ng'ambo ya njia, niliona wanawake saba au wanane wamesimama na leso zao mabegani.

“Ulinipita hapa, mwalimu,” alisema. “Nilikuuliza kama ni kwema.”

“Nilidhani wengine watakwambieni.”

“Wengine akina nani? Sisi tuna nani Likoni? Sisi habari zote tulikuwa tunapata kwako.” Aligeuka akawatazama wenzake, akanirudia. “Marehemu mwenyewe aliniambia. Nilimuuliza kwa nini anajitesa na kile kilima, kwa nini asitume mtu. Akasema, mwalimu nikimwambia mimi mwenyewe, huwa hawezi kunyamaza. Mimi, siku ile, nilitaka kumwona uso tu. Nimshukuru.”

Walipoondoka nilikwenda kabatini, nikatoa vitambaa, nikaikunjua ile karatasi. Ilikuwa imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Niliifuata nukta yangu kwa kidole, mpaka kwa jirani, na safari hii nikaendelea mbele ambako sikumruhusu yule bwana aniambie. Kutoka kwa jirani mistari ilitawanyika kwenda nyumba zote za mtaa wetu, nyingine hata sizijui, fungu zima la nukta lililoshikamana lenyewe kwa lenyewe. Nilitafuta njia nyingine ya kutoka Likoni kufika kwao. Nilizungusha karatasi, nikavaa miwani, nikatafuta upya. Haikuwepo. Palikuwa na mstari mmoja, na katikati ya mstari huo nimekaa mimi.

Kwa hiyo alinijua kuliko nilivyojijua. Alijua kwamba nina watu pande mbili, na alijua kwamba neno lake litaniuma kiasi kwamba sitaweza kukaa nalo. Nitatoka uani nilalamike, na malalamiko yangu yatafanya kazi yake. Alikitumia kijicho changu miaka yote hiyo kwa heri ya watu wengine, akakipandia kilima kwa miguu yake mibovu, akinywa nusu kikombe. Mimi nilidhani anabisha mlango wangu kujionyesha, kumbe alikuwa anabisha milango ya mtaa mzima. Mara moja tu katika maisha yangu nilinyamaza, na ilikuwa siku yake.

Nimeandika sana hapa juu ya mahali pa lori, na sikujua mahali pangu. Wasomaji wangu, kama kuna mtu mnayemwonea kijicho, na wengi wenu mnaye, acheni kidogo kuhesabu mistari yake. Tazameni ule mmoja unaokuja kwenu, mjiulize unapita kwenda kwa nani. Huenda amewaamini kwa jambo ambalo hakuwaambia.

Jana mpwa wake alipiga simu tena shuleni: hitima ya marehemu ni Jumapili baada ya adhuhuri. Sikungoja kengele ya mwisho. Nilipanda kilima na chaki bado vidoleni, nikapita mlango wangu, nikapiga hodi kwa jirani, nikasema kwa kinywa changu nimetumwa na nani, siku gani, baada ya sala gani. Alinisikiliza amesimama. Akaitikia, “Tutakuja,” akafunga mlango. Na nilipokuwa nikiingia kwangu nilimsikia akitokea mlango wa nyuma, akiita nyumba ya pili.